Siku sita Mombasa, na droni iliyokwenda kuvua

Daftari langu lina kurasa mbili zilizogandana kwa maji ya chumvi, na katika picha mia tatu na ushei zilizomo kwenye simu, nusu yake ni za uzi. Haya niliyoandika nimeyaunga kwa daftari, picha, na kumbukumbu za shemeji yangu, ambaye mpaka leo anabishana nami kuhusu saa.

Chanzo ni yeye. Anaishi Shanzu, kaskazini ya Mombasa, na kazi yake ni kupiga video za harusi kwa droni (sisi Tanga tumezoea kusema ndege nyuki). Mwaka jana alinitumia video ya wavuvi wa Afrika Kusini: mtu kasimama mchangani, kidege kinabeba chambo chake, kinavuka mawimbi, kinakiachia huko mbali, na baadaye jamaa anavuta samaki mpana kama mlango. Nikamjibu kwa maneno mawili: nakuja.

Jumatano, 12 Februari: Tanga, Horohoro, Likoni, Shanzu

Rodi yangu, yaani fimbo ya kuvulia, ni ya vipande viwili. Niliitia ndani ya bomba la plastiki, lile la mafundi wa maji, nikaziba ncha zote mbili. Droni sikubeba. Ya shemeji ipo hukohuko, imesajiliwa Kenya, na cheti cha kuirusha ni chake. Kuvusha droni mpakani bila vibali ni kuitafutia malazi mapya, na si nyumbani kwako.

Kosta ya alfajiri mpaka Horohoro, kilomita 65 za lami nzuri. Maafisa wa nchi mbili wako jengo moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Pasipoti ikagongwa, kadi ya homa ya manjano ikaangaliwa, halafu bomba langu likaitwa mezani. "Humu mna nini, bazooka?" Nikafungua. Afisa akatoa rodi, akaipima kwa jicho kama anayenunua fimbo ya harusi, akasema babake alikuwa akivua Vanga kwa mshipi wa mkono na hajawahi kuona mtu anayehitaji kijiti kirefu hivi. Nikacheka naye. Laiti ningemsikiliza.

Shilingi moja ya Kenya ilinitoka kwa karibu ishirini za kwetu. Badili kiasi cha nauli tu mpakani, zilizobaki badili mjini, na uhesabu umekaa.

Matatu ya kutoka Lunga Lunga hadi Likoni nililipa 500. Baada ya Msambweni tairi la nyuma likapasuka, spea ikakutwa haina upepo, tukakaa chini ya mwembe saa moja na nusu. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka matangani alifungua kikapu chake cha maembe, akagawa abiria wote mpaka dereva, kisha akanipa la pili "la huyo mwenzako mrefu," yaani bomba. Nililibeba lile embe hadi Shanzu.

Kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu. Anayekuja na mzigo mrefu asipite saa za watu kurudi kazini: niliingia saa kumi na moja jioni, na bomba langu liliomba radhi kwa mabega yasiyopungua kumi. Ng'ambo ya pili nikapata matatu ya Mtwapa. Kondakta alitaka nauli ya viti viwili. Tukaelewana kwa kimoja na nusu.

Alhamisi, 13 Februari: Mjini

Asubuhi nzima ilikwenda kwenye karatasi. Mimi leseni ya uvuvi wa burudani. Shemeji alikuwa na barua yake tayari, maana ombi alilipeleka wiki kadhaa kabla, akataja ndani yake kwamba droni itabeba mzigo mdogo na kuuachia majini. Kenya ina kanuni za droni tangu 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usipande zaidi ya futi 400, usisogelee viwanja vya ndege. Na Mombasa ukichora duara kuzunguka uwanja wa Moi, kisiwa kinakaribia kumezwa chote. Ongeza bandari na kambi ya jeshi la maji, utaelewa kwa nini tulipanga kurushia Shanzu. Upande wa Nyali na Bamburi nao una hifadhi ya bahari ya tangu 1986: kilomita 10 za mraba zisizovuliwa kabisa, zimezungukwa na akiba ya kilomita 200 za mraba ambamo wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa. Kabla hujafungua begi uliza uko upande gani wa maboya.

Mahamri mawili, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, 100, kwa mama mmoja kichochoroni Mji wa Kale. Aliposikia natoka Tanga akaniongezea hamri la tatu, "nawe ukaseme kwenu." Nasema.

Soko la samaki lilikuwa linamalizika. Nikanunua ngisi nusu kilo wa chambo, na muuzaji, alipojua ni wa ndoana, akanibadilishia ngisi wake wa jana kwa bei ndogo: "Samaki haangalii tarehe."

Jioni tukapumzika bustani ya Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, kwenye mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Kitu nilichokiona pale kilinisumbua siku zilizofuata. Kijana alikuwa ameshuka kwenye majabali ya matumbawe, mshipi wake umezungushwa kwenye chupa ya plastiki. Akazungusha chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) mara tatu kichwani, akatupa kama hatua ishirini tu. Nyuma ya chambo chake meli ya makontena inaingia bandarini, karibu mpaka unaona baharia anayevuta sigara. Hatua ishirini kutoka ukingoni, na maji yanabeba meli. Jina lenyewe linakwambia: Kilindini. Akavuta kolekole wa kadiri ya mkono, akamtia mfukoni mwa shati lililochanika, akatupa tena.

Shemeji akasema, "Huyu hahitaji droni." Nikamwambia nyamaza, kula muhogo.

Ijumaa, 14 Februari: Shanzu, upepo

Kabla ya kurusha tulikwenda kwenye banda la BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Walisoma barua, wakauliza swali moja la maana: "Kikianguka, nani atakitafuta?" Shemeji akasema yeye. Wakamkabidhi mzee mmoja atuangalie, wa miaka sabini hivi, kofia ya kiua imefifia, mguu mmoja una kovu la mwiba wa taa, yule samaki.

Bamvua ilikuwa imeshika, mwezi mpevu ulikuwa wa Jumatano. Kujaa na kupwa kunapishana zaidi ya mita tatu siku hizo. Saa tano maji yalikuwa yamekwenda, na mzee akatutembeza mpaka mwambani kwa miguu.

Hapa ndipo nilipoanza kuhesabu vibaya. Kutoka mchangani hadi mwamba ni kama nusu kilomita na zaidi kidogo. Katikati ni nyasi za bahari na mchanga, vijisima vya hapa na pale, maji yakipwa yanakufika gotini. Kina cha kweli kinaanza ng'ambo ya mwamba, pale mawimbi yanapovunjika meupe.

"Wataka kutupa wapi?" mzee akauliza.

Nikaonyesha ng'ambo.

"Kidege kitafika?"

"Kitafika."

"Chambo kitafika. Sasa huo uzi, mwanangu, utapita wapi?"

Nikamwambia utapita juu. Alinitazama kwa huruma, akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tumbawe, akanionyesha kilivyochubuka. Hakusema neno jingine.

Viatu vya kutembelea mwambani viwe na soli ngumu. Wale miba wa bahari weusi wamejaa, na shemeji aliyekuja na ndara alitumia sehemu ya mchana wake chini ya mkwaju, kijana wa madafu akimkandia ndimu kwenye kisigino na kukataa malipo.

Baada ya swala ya Ijumaa maji yakaanza kurudi, nasi tukarudi na vyombo. Lakini kaskazi ya Februari huamka mchana. Kipimo cha shemeji kilisoma mita 11 kwa sekunde, na droni yake yenye gramu 900 hivi haipendi kuzidi 10, sembuse ikiwa imebeba chubwi na kuburuta uzi. Tukakaa. Dafu la kwanza, dafu la pili, 60 kila moja. Jua likatua na upepo wake.

Usiku, kwenye wali wa nazi na samaki wa kupaka wa dada, shemeji alifungua habari aliyokuwa akiificha. Wale wa Afrika Kusini tuliowaiga: Februari 2022 serikali yao ilitoa tangazo kwamba kuvua kwa droni ni kinyume cha sheria. Waliokuwa wakiuza vifaa wakaenda mahakamani Pretoria, wakashindwa mwaka huohuo. Kibali chao cha uvuvi wa mshipi kinataka rodi na rili (gurudumu la kukunjia uzi) viendeshwe kwa mkono wa mtu.

"Na hukuniambia?"

"Ungekuja?"

Dada akasema yeye anataka tu kujua nani analipa betri.

Jumamosi, 15 Februari: Kurusha

Tulikuwa ufuoni kabla ya jua. Maji yalikuwa yamejaa alfajiri na ndiyo kwanza yanageuka. Umande, upepo mwepesi wa nchi kavu, ulikuwa mgongoni mwetu. Asubuhi ya kuombea.

Kwa wasiojua mtambo huu: chini ya droni kuna kibanio chenye kimota kidogo. Unakitundikia kitanzi cha uzi, kitanzi kinashika chubwi (yangu gramu 120) na ndoana mbili za ngisi. Kutoka hapo mshipi unarudi hadi kwenye rili mikononi mwako. Rili iwe wazi kabisa, uzi utoke wenyewe. Rubani akifika anabonyeza, kibanio kinafunguka, mzigo unaanguka, nawe unafunga rili. Sharti kubwa ni moja: mshipi usikaze droni ikiwa hewani.

Mara ya kwanza mshipi ulikaza. Droni ilikuwa imefika mita 170, uzi unatoka kwa mlio mtamu kama mafuta kwenye kikaango, mara duara tatu za uzi zikatoka pamoja, zikajifunga fundo kwenye pete ya kwanza ya rodi. Rodi ikainama kuelekea angani. Sijawahi kuona rodi ikiinamia angani. Kidege kikashusha mkia, mtambo mkononi mwa shemeji ukaanza kulia, naye akapiga kelele, "Achia! Achia!" ilhali kitufe cha kuachia anacho yeye. Akakibonyeza. Mzigo ukaanguka, droni ikaruka juu kama mbuzi aliyekatika kamba. Tulikaa kimya. Mzee akamimina kahawa.

Dawa ya hilo: uzi wa kusuka, ulowanishe kwanza kwa maji, na usiujaze rili mpaka pomoni. Ukiwa mkavu na umejaa hujirukia.

Mara ya pili ilikwenda salama, mita 300, kwenye kisima ambacho mzee alikinyoshea kidole. Dakika ishirini na tano. Nikapata changu wa kadiri ya kiganja changu, na mimi nina mikono midogo. Betri moja imekwisha. Watoto waliokuja kutazama wakamshangilia changu yule kana kwamba ni papa, kisha nikamrudisha majini na wakanichukia.

Mara ya tatu nilijua. Mzee alikuwa ameshaniambia tangu jana, tumbawe lilikuwa limeshanionyesha. Lakini betri ilikuwepo, upepo ulikuwepo, na mtu hasafiri na bomba la plastiki nchi mbili kwa ajili ya changu wa kiganja. Shemeji akapeleka mita 540, ng'ambo ya povu, akaachia. Nikafunga rili. Nikauona uzi wangu, mweupe juani, ukishuka taratibu juu ya mwamba na kulala.

Kitu kilivuta. Mpaka leo sijui ni samaki au wimbi. Rodi ilipiga mara mbili, nzito, moyo ukanipanda kooni, kisha ikanyooka. Niliporudisha uzi ulikuja mwepesi, na ncha yake imechambuka kama ufagio.

Ndoana mbili, chubwi, na mita zisizopungua mia moja za uzi usiooza zilikuwa zimebaki mwambani. Mimi natoka Tanga, ambako tumelia miaka mingi juu ya wapigaji baruti na matumbawe yetu. Nikasema hatuondoki mpaka nimeuokota.

Saa tano na nusu maji yalipokupwa, shemeji akarusha mara ya mwisho kwa siku ile, bila mzigo, tuutafute uzi kwa kamera. Mzee akavua kofia akaishika juu ya skrini kukinga jua. Uzi haukuonekana, ni mwembamba mno. Zilionekana nyasi kama zulia la kijani, njia za mchanga, mlango wa mwamba, yaani pengo la kupitia maji, wenye buluu nzito. Mara mzee akamshika shemeji mkono.

"Rudi nyuma. Kidogo. Hapo. Hilo langu."

Doa la kahawia lenye pembe: dema, au lema kama wasemavo wao, mtego wa kusuka kwa fito. Akaonyesha la pili, la tatu, la nne. Lilikosekana la tano. Shemeji akazungusha kidege taratibu kuelekea mlangoni, na huko, mbali na wenzake, limeegemea jiwe upande upande, la tano lilikuwepo. Mkondo wa bamvua ulikuwa umeliburuta.

Mzee hakufurahi kama nilivyotarajia. Alirudisha kofia kichwani, akasema polepole, "Siku tisa simsemeshi jirani yangu."

Alikuwa amedhani limeibwa, na alikuwa na mtu wake wa kumdhania.

Uzi tuliupata kwa macho, tukitembea. Ulikuwa umezunguka vichwa vya matumbawe kama sita. Mzee aliukata kwa kisu vipande vipande bila kuvuta, nami nikaviokota. Ulipokwama chini ya jiwe hakuniruhusu kuubandua. Chubwi tuliikuta. Ndoana moja tuliikuta. Ule uzi aliuomba, akauzungusha kwenye kibao: utafaa kushonea. Akauliza droni ni kiasi gani. Shemeji akamwambia laki na nusu. "Basi hiyo ni mashine ya mashua," akasema, si kwa kulaumu. Alikuwa anapiga hesabu tu.

Jumapili, 16 Februari: Mtumbwini

Rodi ililala nyumbani. Nilikwenda na mzee kwa mtumbwi, na mpiga kasia wa mbele alikuwa mtu mfupi mwenye tabasamu la aibu ambaye sikutambulishwa kwake kwa muda mrefu. Ni yule jirani. Sikuuliza walisemaje jana usiku. Walikuwa wakipigiana kelele za kasia na mkondo kama watu waliokosana maneno ya kazi kwa siku tisa na sasa wanayalipa.

Kwenye ukingo wa mlango mzee alinipa mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao, akaniambia nisikaze kidole, nikae nao kama ninavyoshika mkono wa mtoto barabarani. Kwa saa mbili nilipata changu watatu na chewa mdogo. Mzee alipata kumi na moja. Jirani hakuvua, alikuwa akishika mtumbwi usiende na maji.

Kisha tukafuata lema la tano. Mzee alilijua jiwe kutoka kwenye skrini, "lile lenye umbo la ngamia," akaelekeza kwa mkono moja kwa moja. Jirani akazama, akafunga kamba, tukavuta. Ndani: tafi wanne, pono mmoja wa buluu, na pweza aliyenona, amekaa kwenye kona na mifupa ya tafi wa tano mbele yake. Mzee akamgeuza pweza kichwa, cha ndani nje, akasema, "Huyu ndiye mwizi," na jirani akacheka mpaka mtumbwi ukatikisika.

Pweza alipikwa kwa nazi nyumbani kwa jirani. Nilikula pale. Nilitaka kuchangia chochote, mkewe akanirudishia noti ndani ya mfuko wa mabuyu ya kupeleka Tanga.

Jumatatu, 17 Februari: Kurudi

Nauli zilezile, tairi salama, na afisa wa mpakani alikuwa siku ya mapumziko. Nilikuwa nimemwekea jibu.

Jumla, bila betri za shemeji, nilitumia shilingi 9,400 za Kenya, na sehemu kubwa ni karatasi na madafu. Rodi iko uvunguni. Kibao cha mshipi nimejitengenezea.

Jana usiku shemeji alinitumia ujumbe. Mzee amekuja mlangoni kwake baada ya swala ya alfajiri, na mzee mwingine nyuma yake. Lema la pili halionekani. Shemeji akawaeleza kwamba kibali chake kilikuwa cha siku mbili na kimekwisha. Mzee akamuuliza ofisi yenyewe iko wapi, na hufunguliwa saa ngapi.